Nauza soda dukani, nyumbani tunakunywa maji: uzi wa wenye familia

Mangi wa Kona (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la rejareja Tabata, lile la kona, nondo mbele na friji la kampuni pembeni. Soda ndiyo inayolipa umeme. Anayetaka kuniita mnafiki atangulie tu, shemeji yangu alishaanza zamani.

Nina hoja moja. Mtoto haachi soda kwa kuhubiriwa. Anaiacha pale maji yanapokuwa karibu, ya baridi na yenye ladha nzuri. Mzazi anaongea madhara ya sukari kutwa nzima, halafu maji ya nyumba nzima yako kwenye dumu chini ya meza, ya vuguvugu, yananuka plastiki. Wewe mwenyewe usingeyanywa.

Tuanze na hesabu, maana mimi ni mtu wa mizani. Kola ya kawaida ina gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100. Chupa ya kioo ya mililita 350 inafika gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Lakini vijiko havimkai mtu kichwani, kwa hiyo nikapima kwa namna tunavyonunua sukari mtaani. Ule mfuko wa robo ninaowafungia akina mama asubuhi, soda saba zinauzidi. Kreti moja ya chupa 24 ina gramu 890 hivi. Unapoona kijana amebeba kreti begani kwenda kwenye shughuli, ujue amebeba karibu kilo ya sukari iliyoyeyushwa.

Siku moja nikasema niwape watoto wa mtaa somo. Nikapima gramu 37, nikamwaga kwenye kisahani, nikaweka juu ya kaunta pembeni ya chupa ya soda. Nikajua wataogopa. Wapi! Walichovya vidole wakalamba kisahani kikabaki cheupe, na mmoja akaniuliza kama nauza hivyo kwa mia. Mnaopanga kuwatisha watoto kwa vijiko vya sukari, mmesikia.

Kilichofanya kazi nyumbani ni mpangilio. Maji yanachemshwa usiku, yanapoa yakiwa yamefunikwa, asubuhi yanaingia kwenye majagi mawili ya kioo yenye vifuniko. Majagi yanakaa rafu ya chini ya friji, pale mkono wa mdogo wetu unapofika. Kila mtoto ana chupa yake yenye jina. Soda hailali ndani ya nyumba, hata ile iliyobaki kwenye sherehe inarudi dukani. Wakienda harusini wanakunywa kama watu wengine, sina neno. Mwanzoni walinuna. Mama yao akawa anatia vipande vya limao na tangawizi iliyopondwa, siku nyingine mchaichai. Sasa hivi limao likikosekana ndiyo kelele.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndiyo bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Soda moja imeshapita hapo, na mtoto anatakiwa chini ya hapo.

Karibuni tujadili. Wenye watoto mje na mbinu zenu.

---

Mzee wa Bao

Sisi tumekunywa soda tangu zinafunguliwa kwa meno na bado tupo. Watoto wa siku hizi mnawafanya mayai.

---

Mangi wa Kona

Shikamoo mzee. Hebu niambie, enzi hizo ulikunywa soda mara ngapi kwa mwaka? Sisi kwetu ilikuwa Krismasi na Pasaka, chupa moja watoto wawili, mirija miwili, na ugomvi juu. Leo nina mteja wa darasa la pili anapita kwangu asubuhi na jioni. Soda ni ileile, ratiba ndiyo imebadilika.

---

Mzee wa Bao

Marahaba. Hapo kwenye mirija umenikumbusha mbali, sina jibu.

---

Kiduku

Mangi, wanao umewaokoa, watoto wa wenzio unawauzia. Dhamiri inakaa wapi hapo?

---

Mangi wa Kona

Swali zuri kaka. Friji ni la kampuni, na masharti yake ni kwamba ndani vikae vinywaji vya kwao tu. Nilichofanya ni kununua boksi la kupoozea barafu, nimeliweka mbele kabisa, limejaa maji ya chupa ndogo. Mteja anakutana na maji kabla hajaliona friji. Na niwaambie siri ya biashara: faida ya chupa ndogo ya maji haipishani sana na ya soda, na haina kero ya chupa tupu. Wenye maduka wengi hawajakaa wakapiga hiyo hesabu. Watoto wanaotumwa soda na wazazi wao nawauzia, siwezi kugombana na mtaa mzima.

---

Nesi Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu, naomba niongeze machache, maana naona mnakimbia moja kwa moja kwenye maji kana kwamba ni ya kila mtu.

Kichanga chini ya miezi 6 hapewi maji. Hapana, hata kukiwa na joto la Dar. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Ukimjaza maji tumbo linajaa, ananyonya kidogo, na kama maji si salama umemletea kuhara. Maji yanaanza taratibu pamoja na vyakula vya nyongeza akishatimiza miezi 6.

Mtoto anayeharisha asipewe soda. Nimeona akina mama wanafika wodini na mtoto amelegea, mkononi chupa ya soda ya machungwa, wanasema alikuwa anakataa kila kitu. Sukari nyingi ikifika kwenye utumbo inavuta maji, kuhara kunaongezeka. Apewe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, paketi moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, na vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa kituoni.

Halafu hili la soda nyeusi kuongeza damu. Naona limeota mizizi kwa sababu mtu akichangia damu anapewa soda na biskuti. Ile ni kumrudishia maji na sukari asije akazimia njiani. Damu inajengwa na madini ya chuma: maini, dagaa, maharage, mboga za majani. Mjamzito mwenye upungufu wa damu akinywa soda kila siku anaongeza uzito tu, damu iko palepale, na vidonge alivyopewa kliniki viko kabatini.

Meno sitayaongelea sana. Bakteria wa kinywani wanakula sukari wanatoa asidi, na soda yenyewe ni asidi tayari. Kibaya zaidi ni kunywa kidogokidogo kutwa nzima, chupa iko mezani kila dakika tano funda moja. Afadhali aimalize mara moja na chakula, asuuze kinywa kwa maji, mswaki usubiri kama nusu saa.

---

Mama Pacha

Shikamoo nesi. Mimi tatizo langu si soda, ni juisi za paketi za shule. Pacha wangu wanasema wenzao wote wana juisi, wao wanaonekana maskini na maji yao. Na juisi si tunda jamani? Kwenye boksi kuna picha ya embe kubwa kabisa.

---

Nesi Mstaafu

Marahaba mama. Picha ya embe hailiwi. Geuza boksi usome nyuma, nyingi ni maji, sukari, ladha na kiasi fulani cha tunda. Hata ile juisi halisi unayokamua mwenyewe, Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari yake kwenye kundi lilelile la kupunguzwa, kwa sababu nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio. Chungwa moja mtoto anakula anaridhika. Glasi ya juisi inameza machungwa matatu au manne na bado anadai chakula. Wape tunda lenyewe na maji.

---

Mama Pacha

Na huo umaskini wa darasani?

---

Bibi Harusi Mtarajiwa

Mama Pacha, dada yangu alitatua kwa chupa. Alinunua zile chupa za michoro, wenzao wakaanza kuzitamani. Watoto hawaonei wivu kinywaji, wanaonea wivu chombo.

---

Mama Pacha

Mh, kweli. Wangu wanabeba kwenye chupa ya zamani ya mafuta ya kula niliyoosha. Nimekuelewa.

---

Kijana wa Arumeru

Naomba niharibu sherehe kidogo. Mnasema chemsha maji, kunywa maji. Sisi tunaozunguka Mlima Meru maji yetu yana floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kinachoshauriwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa. Ndiyo maana unaona kijana mzuri akicheka anaziba mdomo, meno ya kahawia. Ikizidi sana na kwa miaka mingi hata mifupa inaumia, watoto miguu inapinda.

Kuchemsha hakusaidii chochote kwenye floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, unakunywa kitu kikali zaidi. Vidonge vya klorini navyo vinaua vijidudu tu. Huku Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia. Wengine tunavuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, ya kisima yanabaki ya kufulia. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu anywe maji lita mbili, muulize kwanza anaishi wapi.

---

Mangi wa Kona

Mkuu, hii ilitakiwa iwe kwenye uzi wenyewe. Huku kwetu shida ni chumvi. Nusu ya visima vya mtaani ni maji chumvi, ukichemshia chai maziwa yanakatika. Ya kunywa tunanunua kwa ndoo kwa wenye bomba la DAWASA, na likikatika wiki nzima, soda inageuka kuwa kinywaji rahisi kupatikana kuliko maji. Ukisikia mtu anasema watu wa uswahilini wanapenda sukari, mwambie aje akae siku tatu bila maji ya bomba.

---

Boda wa Mbezi

Mimi siwezi kudanganya, enaji ndiyo inanipeleka. Asubuhi moja, saa nane mchana nyingine. Maji nikinywa nasimama kila kituo kutafuta choo, abiria wananikimbia.

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu, kafeini ya enaji inakuficha uchovu, haikuondolei. Usingizi unakudai palepale, na deni la usingizi barabarani unalijua wewe kuliko mimi. Jua la saa nane ukiwa na helmeti, mwili unakauka, kichwa kinauma, unadhani ni njaa ya enaji. Beba maji ya lita moja na nusu, kunywa kidogokidogo, choo kitakuwa cha kawaida. Ukinywa lita nzima kwa mkupuo ndipo utasimama kila kituo.

---

Boda wa Mbezi

Sawa mama, nitajaribu ya mchana kwanza. Ya asubuhi niachie.

---

Mchumi wa Kijiweni

Wadau, mnaongea kama tatizo lote liko jikoni. Januari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha makadirio kwamba kwa mwaka 2020 vinywaji vyenye sukari vilichangia wagonjwa wapya milioni 2.2 wa kisukari aina ya pili duniani. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya mgonjwa mpya mmoja kati ya watano alihusishwa na vinywaji hivyo. Hapo huwezi kuniambia ni suala la jagi na limao.

Meksiko walianza Januari 2014, peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, na manunuzi yakashuka. Afrika Kusini walifanya kitaalamu zaidi mwaka 2018: gramu 4 za kwanza kwenye mililita 100 hazitozwi, kinachotozwa ni kila gramu inayozidi. Kiwanda kikipunguza sukari kinapunguza kodi, na viwanda vilipunguza kweli. Sisi ushuru wetu wa bidhaa unahesabu lita. Soda analipa, maji ya chupa analipa. Mwenye gramu 13 na mwenye gramu 5 wanapanga foleni moja.

---

Kiduku

Kodi ikipanda Mangi anapandisha bei, mimi naumia, mtoto ananunua pipi. Hamna kitu hapo.

---

Mchumi wa Kijiweni

Pipi anatafuna mbili tatu. Kinywaji anameza gramu 37 kwa dakika mbili na tumbo halijastuka kuwa limekula. Ndiyo maana nchi nyingi zinaanza na vinywaji kabla ya peremende.

---

Mwanamvita

Hamjambo nyote. Mimi ni wa huku Mombasa, nimewasoma toka mwanzo nikicheka. Mwaiandama soda, na chai je? Nyumba yetu soda haiingii, lakini chai ya maziwa asubuhi, chai saa kumi, chai usiku akija jirani, na kila kikombe vijiko vitatu, na mahamri ya sukari juu yake. Mamangu sukari yampanda na hajui soda yafunguliwa wapi.

---

Mangi wa Kona

Dada umepiga penyewe. Hapa niseme kama mwenye duka, maana daftari la mkopo linajua familia kuliko daktari. Nyumba nyingi za watu watano zinachukua kwangu kilo moja ya sukari kwa wiki, na hizo ndizo zenye kiasi. Kilo kwa wiki ni gramu 143 kwa siku, gawa kwa watano ni karibu gramu 29 kila mmoja. Kile kiwango cha gramu 25 kimeshapitwa kabla soda haijafunguliwa, na mdogo wa miaka minne amehesabiwa sawa na baba yake. Hapo sijagusa maandazi na juisi.

Kwetu tulipunguza kijiko kwa kijiko. Sukari haiwekwi tena kwenye sufuria, kila mtu anajitilia kikombeni kwake, na kijiko ni kile kidogo. Chai ikipikwa na iliki na mdalasini wa kutosha, ulimi haudai sana. Baada ya wiki chache ile chai ya zamani ukiionja unaona kama uji wa sukari. Baba mkwe alipokuja alitia vinne, hakuna aliyemwambia kitu.

---

Mwanamvita

Hiyo ya sukari kutoka kwa sufuria naijaribu kesho. Vita vitakuwako, lakini naijaribu.

---

Dogo wa Chuo

Na hizi za bila sukari je? Kwenye lebo wameandika sifuri. Si ndiyo suluhisho, watu wote wanywe hizo yaishe?

---

Nesi Mstaafu

Kwa mtu anayekunywa tatu kwa siku, kuhamia huko kunampunguzia sukari, siwezi kukataa. Ila Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitia utamu hivi visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Asidi ya kula meno bado iko pale. Na mtoto anaendelea kujifunza kwamba kiu inakatwa na kitu kitamu. Mtu mzima atumie kama daraja, mtoto sioni sababu.

---

Mtungi wa Bibi

Mnasahau wasio na friji. Sisi tuna mtungi. Udongo unapitisha unyevu kidogo, upepo unaukausha kwa nje, maji ndani yanapoa bila luku. Weka kivulini, penye upepo, juu ya mchanga mbichi. Ladha yake soda haioni ndani.

---

Nesi Mstaafu

Nakubali kabisa, ila kata ndiyo inayoleta kipindupindu. Mtoto anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tafuta mtungi wenye koki, au kata ya mpini mrefu inayotundikwa ukutani na haiguswi na mwingine. Maji yaingie mtungini yakiwa yameshachemshwa, na mtungi usuguliwe ndani mara kwa mara.

---

Bibi Harusi Mtarajiwa

Jamani nisaidieni, nina send-off mwezi ujao. Kamati imepanga soda mbili kwa kila mgeni. Nikasema tuweke moja na maji, mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba, akasema ninataka kuaibisha ukoo, watu wamechanga halafu wanywe maji. Nifanyeje bila kugombana?

---

Mwanamvita

Usiseme "tupunguze soda". Sema "tuongeze". Ongeza maji ya baridi mezani kabla wageni hawajakaa, na madebe ya ukwaju na rozela yaliyotiwa sukari kidogo tu. Madafu mkiyapata, mambo yashaisha. Mgeni aliyefika na kiu akutane na maji kwanza, soda ya pili hataikumbuka.

---

Kiduku

Mjomba atakumbuka.

---

Mangi wa Kona

Mjomba mwachie kreti zake, ila zipangie utaratibu. Ongea na mwenye duka au wakala mapema kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa atazipokea na kurudisha hela, wengi tunakubali mkielewana mwanzoni. Zisiingizwe zote kwenye barafu, soda ikishalowa na vizibo vikaanza kutu mtu anasumbua kupokea. Anza na kreti nusu ya hesabu ya kamati, nyingine zikae stoo kwa mtu mmoja mwenye ufunguo. Maji yapoozwe yote. Na chupa tupu mpe kijana mmoja azihesabu palepale ukumbini, maana zikipotea ni wewe unalipa, na hilo ndilo litakalowagombanisha na mjomba kuliko maji.